Lupus imechachamaa, CRP imelala: seli na protini zilizo nyuma ya karatasi ya maabara

Chukua karatasi ya maabara ya mtu ambaye lupus yake, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, imechachamaa: mashavu yamewaka wekundu, mdomoni kuna vidonda, nywele zinatoka kwa mafungu. ESR, kasi ya chembe nyekundu kutuama, ni 85. CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, ni 4. Msomaji mwenye haraka ataomba damu ichukuliwe upya, akidhani kipimo kimoja kimeharibika. Hakijaharibika. Pengo hilo kati ya namba mbili limeletwa na lupus yenyewe, na anayejua limetoka wapi ameshaujua ugonjwa huu nusu yake.

CRP hutengenezwa na ini, kwa amri ya protini ndogo ya ishara iitwayo intalukini ya 6, yaani IL-6. Kwenye lupus IL-6 haikosekani. Ila damu hiyo hiyo ina ishara nyingine, intaferoni ya aina ya kwanza, ambayo hulizuia ini lisiitoe CRP kwa wingi. ESR haina kizuizi hicho. Yenyewe hupanda antibodi (protini za kinga zinazoshika wavamizi) zikijaa kwenye damu na chembe nyekundu zikipungua, na mwenye lupus mara nyingi ana yote mawili.

Faida ya kulijua hili huonekana usiku wa homa. Mwenye lupus akichemka mwili na CRP ikaruka hadi 60 mg/L au zaidi, tafuta maambukizi kwanza kabla ya kukimbilia kuongeza steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe. Vighairi vipo: maji yakijaa kwenye utando wa mapafu au wa moyo, au viungo vikivimba sana, CRP inaweza kupanda kwa lupus tupu. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu, husaidia kutofautisha, ingawa nayo haiamui peke yake.

Sasa turudi nyuma, tuulize hiyo intaferoni imetoka wapi. Wengi huambiwa kwamba lupus ni "kinga iliyoshuka", wengine wanaambiwa ni "kinga iliyozidi". Maelezo yote mawili hayatoshi, na la kwanza ni hatari kabisa, maana linamtuma mgonjwa kununua vya kuongeza kinga. Lupus ni duara: kila hatua inailisha inayofuata, na ya mwisho inarudi kuilisha ya kwanza.

Takataka ambazo hazikuzolewa

Kila siku mwili wa mtu mzima huua makumi ya mabilioni ya seli zake kwa utaratibu, bila fujo. Seli inayokufa hujikunja, huvunjika vipande, na seli walaji humeza vipande hivyo kabla havijavuja. Ili walaji wavione, vinapakwa alama. Mojawapo ya alama hizo ni C1q, protini ya kwanza katika mnyororo wa komplementi, kundi la protini za damu zinazoisaidia kinga. Watu wachache sana huzaliwa bila C1q, na karibu asilimia 90 yao hupata lupus au ugonjwa unaofanana nayo. Ni miongoni mwa kasoro za jeni moja zenye nguvu kuliko zote zinazojulikana, na hilo peke yake linaonyesha uzito wa kazi ya usafi.

Vipande visipozolewa kwa wakati, vilivyokuwa ndani ya kiini cha seli hutoka nje: DNA, RNA, na protini zinazozishika kama Ro, La na Sm. Mwanga wa jua huongeza mzigo. Mionzi ya urujuanimno huua seli za ngozi kwa wingi, na seli hizo zikiwa zinakufa husukuma Ro hadi juu ya utando wake, mahali antibodi zinapoweza kuishika. Ndiyo sababu kinga ya jua katika lupus huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mafuta ya SPF 50 hupakwa kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mtu asidanganyike na kioo cha dirisha: kinazuia UVB nyingi lakini UVA inapita.

Chanzo kingine cha takataka ni nyutrofili, askari wengi kuliko wote kati ya seli nyeupe. Mwaka 2004 watafiti walieleza kwamba nyutrofili inaweza kufa kwa namna ya pekee, ikitema DNA yake nje kama wavu wa kunasia bakteria. Mpango mzuri kwa vita vya muda mfupi. Baadaye wavu huo unatakiwa kukatwakatwa na vimeng'enya vinavyoyeyusha DNA, na kwa baadhi ya wenye lupus ukataji huo ni dhaifu. Watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya kimoja cha kundi hilo, DNASE1L3, hupata lupus wakiwa wadogo.

King'ora

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya damu kuna seli adimu ziitwazo seli za dendriti za plazmasaitoidi. Hazifiki asilimia moja ya seli nyeupe zenye kiini kimoja, lakini moja tu huweza kutoa intaferoni mara mamia hadi elfu moja ya seli ya kawaida. Kazi yake ni kunusa virusi. Inanusa kwa vipokezi viwili, TLR7 kwa RNA na TLR9 kwa DNA, na vipokezi hivyo havikai juu ya ngozi ya seli. Vimefichwa ndani, kwenye vifuko vyenye tindikali. Maficho hayo yana maana yake: DNA ya mtu mwenyewe inayoelea kwenye damu hukatwa haraka na haina njia ya kuingia humo, wakati kirusi kinachomezwa huishia humo humo.

Lupus hupata njia ya mkato. Antibodi inayoshika DNA ya mwili ikiungana nayo, zinakuwa fungu moja. Seli ya plazmasaitoidi ina kipokezi cha mkia wa antibodi, inalishika fungu, inalimeza, na DNA ya mwenyewe inafikishwa mbele ya TLR9 kana kwamba ni ya kirusi. King'ora kinalia. Hakuna kirusi, lakini mwili mzima unapewa taarifa ya kuvamiwa. Uchovu, homa ndogo, misuli kuuma na seli nyeupe kushuka vinafanana na mafua kwa sababu mafua pia hufanya kazi kupitia intaferoni.

Ushahidi wa jambo hili ulikusanyika taratibu. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliipa intaferoni jina lake mwaka 1957. Mwaka 1979 iliripotiwa kwamba damu ya watu wenye lupus hai ina intaferoni nyingi. Kisha ukaja ushahidi ambao hakuna mtafiti angeruhusiwa kuupanga: baadhi ya watu waliodungwa intaferoni-alfa kutibu homa ya ini au saratani walipata antibodi za lupus, na wachache wakapata lupus kamili, ambayo kwa kawaida ilitulia dawa iliposimamishwa. Mwaka 2003 tafiti za jeni zikaonyesha kwamba seli za damu za wagonjwa wengi zimewashwa mamia ya jeni zinazotii intaferoni. Alama hiyo huonekana kwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye lupus na kwa karibu watoto wote wenye ugonjwa huo. Intaferoni yenyewe ni kidogo mno kwenye damu kiasi kwamba vipimo vya kawaida huikosa, ndiyo maana maabara za utafiti hupima jeni zilizowashwa nayo.

Na kwa nini wanawake ni tisa katika kila wagonjwa kumi? Homoni zina sehemu yake, lakini angalia pia jeni ya TLR7: iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili na moja hutakiwa kuzimwa, ila katika baadhi ya seli za kinga jeni hii hukwepa kuzimwa. Wanaume wenye kromosomu XXY hupata lupus takriban mara 14 zaidi ya wanaume wengine. Na mwaka 2022 ilichapishwa habari ya msichana aliyepata lupus utotoni kwa sababu ya herufi moja tu iliyobadilika kwenye TLR7, ikaifanya iamke kirahisi. Panya waliowekewa badiliko hilo hilo nao wakaugua.

Seli B, seli T, na chakula kinachozidi

Intaferoni huziambia seli nyingine zitoe BAFF, protini inayozilisha seli B, seli za kinga zinazozaa antibodi, ili zisife. Katika mwili wenye nidhamu BAFF hugawiwa kwa kipimo, na seli B zinazoelekea kushika vitu vya mwili wenyewe hufa njaa kwanza. BAFF ikizidi, hata hizo hupata mgao. Baadaye zingine hugeuka kuwa seli za plazma na kumwaga antibodi.

Mchakato huu huanza mapema mno. Utafiti wa askari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliotumia damu iliyokuwa imehifadhiwa, ulikuta asilimia 88 ya wagonjwa 130 walikuwa na angalau antibodi moja ya lupus kabla ya kugunduliwa, wengine zaidi ya miaka tisa kabla. Kwanza zilitokea ANA (antibodi zinazoshika vitu vya kiini cha seli), anti-Ro na anti-La, yaani antibodi dhidi ya Ro na La. Anti-DNA ilifuata. Anti-Sm ilikuja karibu na dalili.

Hapo kuna mtego unaowaumiza wengi. ANA ya 1:80, yaani inayoonekana hata damu ikizimuliwa mara 80, ni sharti la kuingilia katika vigezo vya lupus vya mwaka 2019 vya Ulaya na Marekani, lakini mtu mmoja kati ya wanane hivi wenye afya njema naye hufikia kiwango hicho. ANA peke yake haisemi kwamba una lupus. Inafungua mlango wa kuhesabu pointi, na zinahitajika 10, angalau moja ya dalili za mwilini ikiwemo. Anti-DNA au anti-Sm hutoa 6. C3 na C4, protini za komplementi, zikishuka zote, 4. Kipande cha figo kinachoonyesha uvimbe wa lupus wa daraja la III au IV hutoa 10 chenyewe. Na hivi ni vigezo vya kupanga wagonjwa kwenye tafiti: daktari anaweza kutibu lupus kabla pointi hazijatimia.

Seli T, kundi jingine la seli za kinga, nitazipitia haraka, ingawa wanaozitafiti watalalamika. Seli T wasaidizi huingia kwenye vituo vya limfu na kuzipa seli B ishara ya IL-21, wanazitia moyo. Upande wa pili, seli T za lupus hutoa IL-2 kidogo, na IL-2 ndiyo chakula cha seli T watulizaji. Breki inakosa mafuta huku gari likiteremka.

Antibodi zikishapatikana, hurudi kushika DNA na RNA zilizovuja, zinaunda mafungu mapya, mafungu yanamezwa na seli ya plazmasaitoidi. Duara limefunga.

Figo, na jinsi ya kusoma C3 na C4

Mafungu ya antibodi na DNA hukwama kwenye vichujio vya figo. Yakikwama, komplementi huwashwa papo hapo. C3 na C4 hutumika haraka kuliko ini linavyozitengeneza, kwa hiyo kiwango chake kwenye damu hushuka. Watu wengi huona "imeshuka" wakafikiri ni upungufu wa kujazwa kwa lishe. Ni matumizi: kama ghala linaloishiwa risasi kwa kuwa kuna mapigano.

Viwango vya kawaida hutofautiana kwa maabara, lakini C3 huzunguka 90 hadi 180 mg/dL na C4 10 hadi 40. Fuatilia mwelekeo kuliko namba moja. C3 iliyotoka 130 hadi 92 bado "ni ya kawaida" kwenye karatasi, na bado inasema jambo, hasa anti-DNA ikiwa inapanda kwa wakati huo huo. Tahadhari tatu. Katika ujauzito ini hutengeneza komplementi zaidi, kwa hiyo C3 ya kawaida kwa mjamzito inaweza kuficha moto. Watu wengine wana nakala chache za jeni ya C4 na C4 yao iko chini maisha yote, hata lupus ikiwa imelala. Na anti-DNA linganisha kwa njia moja ya kipimo, ikiwezekana maabara moja, kwa sababu njia za ELISA, Farr na Crithidia hazisemi lugha moja.

Hata hivyo kipimo cha bei nafuu ndicho kinachookoa figo: mkojo. Figo haziumi. Protini ikifika nusu gramu kwa siku, au miligramu 500 kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo wa mara moja, ni wakati wa kuzungumzia kuchukua kipande cha figo kwa sindano. Kungojea kreatinini ya damu ipande ni kungojea hadi makovu yaanze.

Dawa ziko wapi kwenye duara

Haidroksiklorokwini inaingia kwenye vile vifuko vyenye tindikali na kuzuia TLR7 na TLR9 zisiamke. Kwa hiyo inakaa karibu na king'ora chenyewe, na ndiyo sababu karibu kila mwenye lupus hupewa, hata mjamzito. Dozi ni karibu miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 300, na kwa kuwa tembe ni za 200, njia rahisi ni moja leo, mbili kesho. Nusu ya dawa huchukua takriban siku 40 kutoka mwilini. Hapo ndipo kosa kubwa huzaliwa: mtu anaacha, wiki tatu anajisikia vizuri, anahitimisha kwamba dawa haikuwa na kazi. Mwezi wa pili au wa tatu ugonjwa unarudi, na yeye hauhusishi tena na dawa aliyoiacha. Kwa upande mwingine, dozi ikizidi kwa miaka, au figo zikiwa dhaifu, dawa hujikusanya kwenye retina. Macho hupimwa ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia wa tano, mapema zaidi kwa mwenye figo mbovu.

Steroidi huzima matokeo ya moto haraka, lakini seli ya plazmasaitoidi ambayo TLR zake zimeamka huzistahimili kwa dozi za kawaida za vidonge. Alama ya intaferoni hubaki. Hili linaeleza kwa nini mtu anashushwa kutoka miligramu 20 za prednisoloni kwa siku hadi 10 na ugonjwa unaamka tena, na kwa nini lengo la sasa ni kufika 5 au chini ya hapo kwa kuongeza dawa nyingine, si kumwacha akining'inia kwenye 15 miaka nenda rudi.

Mikofenoleti huwanyima limfosaiti, yaani seli B na T, malighafi ya kujigawa. Ni nzuri kwa figo, ila huharibu mimba, na inatakiwa kuachwa angalau wiki sita kabla ya kutafuta ujauzito. Azathioprini hutumika badala yake, nayo ina adui wake: alopurinoli ya ugonjwa wa jongo. Zikiandikwa pamoja bila dozi kupunguzwa sana, uboho unaweza kusimama.

Belimumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hunasa BAFF. Kwa mshipa ni miligramu 10 kwa kilo, mara tatu za kwanza kwa pengo la wiki mbili, halafu kila wiki nne. Usitarajie kitu mwezi wa kwanza: seli B zinanyimwa chakula, hazipigwi risasi, na matokeo huhesabiwa kwa miezi.

Anifrolumabu ilifuata mwaka 2021, na ina somo zuri la saitokini, yaani protini za ishara kama intaferoni. Dawa za mwanzo zilinasa intaferoni-alfa peke yake, matokeo yakawa hafifu. Alfa ni familia kubwa, tena ina ndugu kama beta, kapa na omega, na wote hugonga mlango mmoja, yaani kipokezi kimoja. Anifrolumabu inafunga mlango. Jaribio lake kubwa la kwanza lilikosa lengo kuu, la pili likalifikia kwa kipimo tofauti cha mafanikio, na mafanikio yake ya wazi zaidi yako kwenye ngozi. Gharama yake inatabirika: ukizima king'ora cha virusi, mkanda wa jeshi huongezeka. Chanjo isiyo hai ya mkanda wa jeshi ni bora ipatikane kabla ya dripu ya kwanza.

Kuhusu vidonge na chai za "kuinua kinga", mtaona sasa tatizo: anayeviuza akisema kweli, anaongeza kuni. Mimea iliyochipua ya alfalfa ina kiambato, kanavanini, kilichowaletea nyani hali ya lupus kwenye majaribio.

Rituksimabu huua seli B zenye alama ya juu iitwayo CD20, na ilishindwa kwenye majaribio yake mawili makubwa ya lupus, ingawa madaktari wanaendelea kuitumia kwa wagonjwa wagumu. Seli za plazma hazina CD20, seli B nyingi hujificha ndani ya tishu, na baada ya dozi BAFF hupanda, hivyo seli zinazorudi zinakuta chakula tele. Ndipo ikaja CAR-T: seli T za mgonjwa mwenyewe hutolewa, zinafundishwa kutafuta CD19, alama nyingine ya seli B, zinarudishwa, na hizo huingia hadi ndani ya tishu. Mwaka 2022 kundi la Erlangen, Ujerumani, liliripoti wagonjwa watano wenye lupus kali, wote wakatulia na kuacha dawa zao. Seli B zilirudi baada ya miezi michache zikiwa changa, na antibodi za chanjo za zamani kwa sehemu kubwa zilibaki.

Siku za kwanza baada ya seli hizo kurudishwa, IL-6 hufurika na homa hupanda. Ikizidi, hupewa tosilizumabu, inayofunga kipokezi cha IL-6. Baada ya hapo ini halipati amri tena, na CRP hukaa karibu na sifuri hata bakteria wakiwa kwenye damu. Kwa wiki kadhaa CRP ya mgonjwa huyo isitumike kukataa maambukizi: chukua kalcha ya damu, na antibiotiki zianze bila kuingoja.